Andiko lenu ni ushahidi, andiko lake "lina muktadha". Huyu jamaa katuona mazuzu?

Wakuu, jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa mishale myekundu kwenye picha za aya. Leo kavuka mpaka.

Kabandika sura ya At-Tawba ya Qur'ani, aya ya 5, kaipigia mstari, kaandika "dini ya upanga". Aya ya 4, inayowatoa wenye mkataba ambao hawakuuvunja, haipo. Aya ya 6, inayosema mshirikina akiomba hifadhi apewe kisha afikishwe mahali pa amani, kaipiga mkasi kama fundi cherehani. Kapelekewa Kumbukumbu la Torati 20:16 ya Biblia yake, miji isiyobakizwa chenye pumzi. Jibu lake maneno matatu: "Hiyo ina muktadha."

INA MUKTADHA! Yaani muktadha ni shamba la ukoo wake, sisi wengine tunakodi?

Halafu akachukua mabomu ya kikundi kimoja cha Waislamu akayapima na Hotuba ya Mlimani ya Yesu. Kitendo kwa andiko! Pima andiko kwa andiko, kitendo kwa kitendo. Hotuba ya Mlimani iweke na aya ya Qur'ani inayoamrisha uadilifu na wema, An-Nahl 90. Mabomu yaweke na Vita vya Miaka Thelathini, Wakristo kwa Wakristo huko Ulaya, 1618 hadi 1648. Yeye anapima ndoa ya jirani kwa siku waliyorushiana vyombo, yake kwa picha za harusi.

"Ina muktadha." Mate hayamezeki.

Kifutio: Mkuu punguza povu, simu itaingia maji.

Chumvi Kidogo: Usijifanye malaika. Kambi yenu ndiyo inayobeba Luka 19:27, wale maadui wa kuchinjwa, kana kwamba Yesu katoa amri. Anzeni aya ya 11: imeandikwa ni mfano, na anayesema ni mfalme wa ndani ya hadithi.

Mleta uzi: Hiyo ni tofauti, ina mukta... aah.

Kifutio: 😂😂😂 Kimeumana!

Mzee wa Rejea: Askofu Krister Stendahl wa Kilutheri alishatoa kanuni tatu za kuzungumzia dini ya wengine, Stockholm, 1985, watu walipopinga hekalu la Wamormoni. Waulize wenye dini, si maadui zao. Usilinganishe bora yako na baya lao. Ya tatu mtaikataa wote: acha nafasi ya kuwaonea wivu kwa kizuri walicho nacho.

Jiwe la Pembeni: Kila siku nyie wawili tu. Ubudha mnaupitisha bure, "wale wa amani". Warohingya, Waislamu wa Myanmar, nchi yenye Wabudha wengi, zaidi ya 700,000 walikimbia kuanzia Agosti 2017, na wapo watawa wa Kibudha waliohubiri chuki dhidi yao miaka kabla ya hapo.

Chumvi Kidogo: Kero kubwa ni wanaotaja namba bila kusema hesabu ipi. "Zaburi 22" ipi? Kigiriki na Kilatini huunganisha ya 9 na ya 10, kwa hiyo "Bwana ndiye mchungaji wangu" huwa ya 22. Kwa Kiebrania ni ya 23.

Kifutio: Na "usizini" ni amri ya ngapi?

Mzee wa Rejea: Ya sita kwa Wakatoliki na Walutheri. Ya saba kwa Wayahudi na Waanglikana, ambao ya sita yao ni "usiue".

Kifutio: Kwa hiyo mtu akiungama "nimevunja ya sita", upande wa pili wanaita polisi?

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu!

Jiwe la Pembeni: Tulia kwanza. Mzee, Biblia ya vitabu 66 na ya 73, hivyo saba ni vipi?