MREJESHO: Scrum au Kanban? Tumechanganya

Wakuu, habari zenu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza hapa: timu yetu ya watu 6 inatengeneza programu ya maduka ya dawa, tunafuata Scrum, yaani kazi hupangwa kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, vyetu vya wiki mbili, lakini kila siku wateja wanaripoti hitilafu na mpango wote unavurugika. Je, tuhamie Kanban, yaani kazi zipite moja moja kwenye ubao bila sprinti, kwa ukomo wa zinazofanyika kwa pamoja?

Hatukuhama. Tuligawa ubao wetu wa kazi, ambao kila kadi ni kazi moja, sehemu mbili: juu kazi za sprinti, chini hitilafu zinazoingia muda wowote. Kisha tukaweka ukomo, safu ya "Inafanyika" isizidi kadi 4. Hapo ndipo palipouma. Siku ya kwanza tulihesabu kadi 11 zilizoanzwa, hakuna hata moja iliyokwisha! Ikabidi watu wakae wawili wawili kumalizia viporo. Kadi moja ya kuchapa risiti ilikuwa imekaa siku 19 ikisubiri mtu wa kuikagua tu. Ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kikao cha asubuhi cha dakika 15 tumekibakiza, na tathmini ya kila wiki mbili pia, maana kule ndiko tunakoambiana ukweli. Kukadiria ukubwa wa hitilafu kwa pointi tumeacha.

Limebaki moja: bosi bado anampa kijana mmoja wa timu kazi pembeni, bila kadi. Aliyewahi kulimaliza hili anieleze alianzaje mazungumzo.

Asanteni sana, hasa aliyeniuliza "nani anakagua?" Swali lile ndilo lililotufungua macho.