Naomba ushauri: jike wa chura mwekundu ameacha kulisha viluwiluwi

Ndugu wanachama, habari zenu. Hapa Uholanzi ninafuga jozi ya Oophaga pumilio, wale vyura wekundu wa Kosta Rika na Panama, ingawa wangu walizaliwa tangini na hawana sumu, kwa kuwa sumu hiyo porini hutokana na chungu na utitiri wanaowala. Jike aliwabeba viluwiluwi mgongoni, akawatia katika maji yanayotuama kwenye makutano ya majani ya mimea ya jamii ya nanasi, lakini sasa harudi kuwatagia mayai yasiyorutubishwa, ambayo ndiyo chakula chao. Nimeongeza unyevu na inzi wa matunda bila mafanikio. Je, nimtenge dume? Na kuna aliyewakuza kwa kiini cha yai la kuku?