Land Rover 109 iliyofungwa nyuma, ipo Uvinza: nikague nini kabla ya kulipa?

Cheyo_Tabora: Wakuu, kuna Land Rover 109 Series III ya petroli, ile iliyofungwa nyuma bila madirisha, inauzwa Uvinza. Muuzaji anataka milioni sita, anasema injini inawaka na bodi haina kutu. Nataka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Naenda Jumamosi na fundi. Tuanzie wapi?

Fundi_Ngambo: Hiyo ya "bodi haina kutu" isikuzuzue mkuu. Bodi ni aluminiamu, itapata wapi kutu? Kinachooza ni chasi, na kwa gari la Uvinza, penye viwanda vya chumvi, uliza mapema kama lilikuwa linabeba chumvi. Chasi ni boksi, maji ya chumvi yakiingia yanaila kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Lala chini na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga boriti ya nyuma kabisa, vishikio vya springi, na mikono inayobeba bodi pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mfu, na bisibisi inazama. Ukikuta imepakwa lami au oili chafu, kwangua usione haya. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri si tatizo. Kiraka juu ya kiraka, hasa penye springi, geuza urudi Tabora.

Mwanga_KG: Beba na sumaku, ipitishe bodi nzima kutafuta puti (unga wa kuzibia mashimo na mabonde).

Fundi_Ngambo: Sumaku haishiki aluminiamu, utazunguka bure. Itumie kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, ule ni chuma. Angalia chini ya nguzo za milango na kona za juu kwenye vidirisha vya hewa. Kwenye bodi tafuta unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma; hapo inalika.

Reli_ya_Kati: Injini ya 2286 cc ni ngumu na inatengenezeka, isikupe presha. Ikute ya baridi uone inavyowaka, asije akawa ameshaipasha moto. Baadaye ikishapata moto toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho, pima kompresheni (mgandamizo wa kila silinda). Silinda ikiwa chini, weka kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu. Barabarani weka gia ya tatu, achia mafuta ghafla kwenye mteremko. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inafunguliwa. Jaribu pia kitufe cha njano (cha kuingiza four-wheel) na lever nyekundu (ya gia za nguvu). Mbele, pale tairi linapokatia kona, ile mipira ya chuma ikiwa na vishimo itakata sili na oili itavuja kila siku.

Mwanga_KG: Namba ya chasi imegongwa mbele kulia, karibu na springi. Ioanishe na kadi. Zikipishana hata tarakimu moja, usiache hata advansi.

Cheyo_Tabora: Na chasi ikiwa imekufa, bei ishuke?

Fundi_Ngambo: Nunua kwa bei ya spea tu. Chasi mpya zinatengenezwa Uingereza, ila ukiifikisha Tabora inaweza kupita bei ya gari lenyewe.