Naomba ushauri: vijana wa kijiweni, tuanze na kuku au kudai ajira?

Wakuu habari zenu, niko Mbagala, juzi hapa kijiweni vijana kidogo wazichape kisa sahani moja ya wali maharage, mmoja kala kwa mama lishe akasema fulani atalipa, fulani mwenyewe hana hata mia. Mi nikawaambia tuunde kikundi tuombe ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, vijana si wana asilimia 4 yao, tufuge kuku wa nyama. Wawili wamegoma, wanataka kwanza tupaze sauti kudai ajira. Siwapingi, hata Wangari Maathai wa Kenya alipata Nobel ya amani 2004 na alifanya vyote, kupanda miti na harakati. Ila njaa haisubiri jamani. Nianzie wapi tusigawanyike? Na mliopata mkopo, katiba ya kikundi mliiandikaje?