Mediolanum imenishinda kwenye Caesar III, adui akifika tu mji unawaka moto. Naomba mbinu

gavana_mpya:
Wakuu habari zenu. Nimerudi kwenye gemu la kale la kujenga na kutawala mji wa Kirumi, Caesar III ile ya 1998, nilikuwa naicheza zamani bila kuelewa kitu, nabandika nyumba tu na kuangalia zinavyoungua, sasa hivi nimeamua lazima niimalize. Nimefika pale unapochaguliwa uende mji wa Miletus kwenye amani au Mediolanum (Milano ya kale) kwenye vita, nikajifanya jasiri nikachukua Mediolanum, na hii ni mara ya nne naanza upya. Mwanzoni mji unakua fresh tu, watu wanaingia, hela ipo, nimezungusha ukuta upande wote wanakotokea, nikaweka minara sita na ngome tatu za lejioni, wale askari wa miguu wenye ngao. Afu ujumbe unakuja kwamba adui yuko njiani, mi nakaa nasubiri kwa mbwembwe. Wakifika minara hairushi kitu, ngome moja ina askari wanne, nyingine ina mmoja, yaani mmoja kasimama peke yake na bendera kama kaachwa na basi, ya tatu tupu. Wanapasua ukuta wanaingia hadi sokoni wanachoma kila kitu. Sasa niongeze ukuta au niongeze ngome?

kuta_nene:
Mkuu pole ila askari mmoja na bendera nimecheka sana. Usiongeze chochote kwanza. Piga hesabu hii: ngome moja inachukua askari 16, una tatu za lejioni, hapo unahitaji watu 48, na kila askari wa lejioni anakula mzigo mmoja wa silaha, kwahiyo mikokoteni 48 ya silaha itoke karakana, na karakana nayo haifanyi kazi bila chuma kutoka mgodini. Una migodi mingapi? Maana wengi wanaweka mgodi mmoja, karakana moja, afu wanashangaa jeshi haliji.

Kitu ambacho gemu halikuambii vizuri ni kwamba warusha mikuki na wapanda farasi hawahitaji silaha kabisa, wanatoka kambini, kule askari wanakoandaliwa, hivyohivyo. Mi huwa naanza na ngome mbili za mikuki kabla hata sijachimba chuma, ya lejioni inakuja baadae na ni moja tu. Lejioni wanasimama mbele wanapokea kipigo, mikuki inatoka nyuma yao. Usije ukawaacha warusha mikuki wafikiwe ana kwa ana, hapo wanakufa kama kuku.

Na minara: bonyeza kulia juu ya mnara mmoja usome kinachoandikwa, afu rudi hapa utuambie.

gavana_mpya:
Nimefungua save. Mnara unasema hauna wafanyakazi. Wote sita. Kambi nayo vilevile, na ghalani kuna silaha mizigo 11 imelala tu!! Lakini barabara inafika na nyumba ziko karibu, sielewi

fundi_barabara:
Basi tatizo sio chuma, ni watu. Nenda kwa mshauri wa kazi uangalie mji mzima umepungukiwa watu wangapi. Nabashiri ulijenga majumba ya maigizo na shule na mabafu kwa mkupuo ili nyumba zipande, wale wafanyakazi wachache waliopo wakagawanywa kila sehemu kidogokidogo, kambi ikabaki bila watu. Wale askari watano ulionao walipatikana zamani kabla hujafungua hayo madude. Pale kwa mshauri unaweza kupanga kipaumbele, jeshi weka namba 1, chakula 2, maji 3, maprifekti (walinzi wanaozima moto) 4, maigizo yakae chini kabisa wakati wa hatari, watu wakikosa maigizo hawafi ila wakikosa chemchemi nyumba zinashuka daraja fasta na wanaohama wanaondoka na nguvukazi yako.

Nyingine ya kuangalia, kama una nyumba zimefika hadhi ya villa, wale matajiri hawafanyi kazi. Ndio. Mtaa ukipanda hadhi unaona wafanyakazi wanayeyuka na hujui wameenda wapi, kumbe wamo ndani wanakunywa mvinyo. Mji wa vita unataka mtaa mmoja wa kawaida mkubwa usiuguse.

Na kuhusu moto wa sokoni, hao wanaotembea mitaani wakifika njia panda wanachagua njia kwa bahati nasibu. Prifekti wako anaweza kukata kona kuelekea mashambani mara tatu mfululizo huku soko linaungua nyuma yake. Jenga mtaa kama duara lisilo na njia panda, na pale ambapo lazima barabara itoke, weka lango. Lango halihitaji ukuta, lisimame tu katikati ya barabara, wazururaji hawalipiti ila mikokoteni na wanaokwenda sehemu maalum wanapita. Hii peke yake iliniokoa mwaka mzima wa kucheza. Ukitumia Augustus, ile injini huria ya kuchezea Caesar III, kuna vizuizi vya barabara kabisa, huhitaji ujanja wa lango.

mzee_wa_balista:
Mi napingana na wote kidogo, ukuta wenyewe vipi? Unene wa kigae kimoja au viwili? Mlinzi wa mnara anatembea juu ya ukuta wa unene wa viwili tu, ukiweka kimoja mnara utabaki na balista yake (mtambo wa kurusha mishale mikubwa) lakini hakuna doria. Halafu watu wanazungusha mji mzima, hela inaisha, na deni likifika dinari 5000 huwezi kujenga hata choo, huku Kaisari naye kakununia. Weka kipande kifupi upande wanaotokea na minara miwili mitatu, iliyoguswa na barabara, basi. Mfalme wa Roma Maximian aliyeijengea Mediolanum ya kweli kuta mpya mwishoni mwa karne ya tatu alikuwa na hazina ya dola nyuma yake, wewe huna lol

Na hekalu la Mars, mungu wa vita, usilisahau. Ukimpuuza hasira zake zinaishia kwenye jeshi lako, tena siku mbaya kuliko zote.

kuta_nene:
Hapo kwa Mars nakubali. Kwenye ukuta mi nitabaki na jina langu.

gavana_mpya:
Nimerudi wakuu. Nilifunga majumba mawili ya maigizo, jeshi nikaliweka la kwanza, nikavunja ngome moja ya lejioni nikaweka ya mikuki. Zile silaha 11 zote zilichukuliwa na kambi, askari wa lejioni wakafika 16 wiki chache kabla ya adui. Nikawapanga nje ya ukuta, mikuki nyuma yao kama mlivyosema, na mnara mmoja ulirusha kitu!! Nimepoteza askari tisa wa lejioni, shamba moja na karakana, ila soko limesimama. Sasa hivi watu wameanza kulalamika hakuna maigizo, na ujumbe umeingia tena kwamba kuna wengine njiani. Hivi lile umbo la kobe la kufunika ngao juu linapatikana wapi, mi kitufe chake sikioni

fundi_barabara:
Mpaka wapitie chuo cha kijeshi ndo kinatokea. Jenga sasa hivi, chuo nacho kinataka watu, kwahiyo maigizo yaendelee kusubiri.