Mbunge anayepitisha sheria inayovunja Katiba awajibishwe vipi?

Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili maana linaniuma sana. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 64(5) iko wazi kwamba sheria inayokiuka Katiba ni batili. Sawa, sheria inabatilishwa, ila waliyoipitisha wanabaki salama, mwananchi ndo anajichanga atafute wakili, anapambana mahakamani miaka na miaka, na hata akishinda mbunge posho yake haijaguswa.

Kuna wanaosema wafungwe. Hapo siwaungi mkono. Mwaka 2019 mwezi wa tano Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi ni kinyume na Katiba, mwezi wa kumi Mahakama ya Rufani ikapindua, ikasema hakuna tatizo. Sasa mbunge aliyefungwa Mei tungemtoa Oktoba tumwombe radhi? Kama majaji wenyewe wanatofautiana huwezi kumfunga mtu kwa kutofautiana nao.

Mimi hasira yangu iko kwa wanaopuuza hukumu. Chukua Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, binti wa miaka 15 anaozeshwa mzazi akiridhia wakati mvulana lazima afike 18. Waliyoipitisha siwalaumu kivile, haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Ila mwanaharakati Rebeca Gyumi alienda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, Julai 2016 akashinda, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, badala ya kurekebisha ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa hiyo rufaa. Hesabu mwaka mwingine kuanzia hapo, ukaisha, vifungu viko vilevile. Na ndani ya kipindi hichohicho, Juni 2020, Bunge likapata muda wa kubadili sheria inayosimamia kesi za haki za msingi ili anayefungua kesi aoneshe kwanza jambo hilo limemuathiri yeye binafsi kiasi gani. Yaani la kumlinda binti halikupata nafasi, la kumbana anayemtetea binti likapata. Na ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba!

Halafu tatizo lingine, hata ukitaka kumwajibisha mbunge wako kwenye sanduku la kura, utajuaje alipiga kura gani? Muswada ukifika mwisho Spika anauliza wanaoafiki, ukumbi mzima unaitikia ndiyooo, wasioafiki wachache wanasema siyo, anatamka walioafiki wameshinda, imeisha. Hakuna jina. Ila kwenye bajeti wanaitwa mmoja mmoja kwa jina na kila mtu anajibu, kwahiyo utaratibu wanaujua vizuri tu.

Kwahiyo mimi napendekeza miswada yote inayogusa haki za raia ipigiwe kura kwa majina, na mahakama ikitoa muda wa kurekebisha ukapita bure, posho za vikao zisimame kwa wabunge wote mpaka marekebisho yaletwe, na mawaziri wenye jukumu la kuuleta muswada nao waguswe hivyohivyo maana mara nyingi uzembe unaanzia serikalini. La tatu ni wapiga kura kuwa na haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka 5, hili lilikuwepo kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba, Bunge Maalum la Katiba la 2014 likaliondoa, na humo ndani wabunge walikuwa wamejaa, waliamua kesi yao wenyewe.

Najua mtaniletea ibara ya 100, kwamba mbunge hashtakiwi kwa anachosema bungeni. Nakubali na iendelee kuwepo, bila hiyo mbunge wa upinzani asingefungua mdomo. Ila nioneshe ni wapi ibara hiyo inamzuia Spika kuita majina.