Tupeane uzoefu: treni za mvuke ulizopanda ugenini, na zile ulizozikuta nyumbani

Mpenda Mvuke

Wakuu, habari za wakati huu. Aliyewahi kupanda treni ya mvuke nchi za nje atueleze aliyoyaona, na kama aliporudi alikwenda kuzitazama zetu. Naanza mimi.

Ninaishi Ujerumani. Kwenye milima ya Harz kuna reli za kilomita kama 140 ambako injini za mvuke bado zinavuta abiria kila siku, si kwa maonyesho tu. Unapandia Wernigerode, treni inasimama Drei Annen Hohne kuongeza maji, kisha inaukabili mlima wa Brocken hadi stesheni ya juu, mita 1,125 kutoka usawa wa bahari. Hakuna reli ya meno katikati ya kushikwa na gurudumu lenye meno, ni gurudumu na chuma tu. Mimi husimama kwenye kibaraza cha behewa la kwanza, mgongoni mwa injini. Mlima ukikaza, mapigo ya moshi yanapungua kasi na kuwa mazito, unayasikia hadi kifuani.

Kilichonishika zaidi ni upana wa ile reli: mita moja, sawasawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu. Tena zile injini kubwa zilijengwa Babelsberg kati ya 1954 na 1956. Wakati huohuo kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilikuwa kikitujengea sisi Afrika Mashariki injini 34 za aina moja, zikiitwa klasi ya 59.

Kwa hiyo nilipokuja likizo Nairobi nilikwenda makumbusho ya reli. Mojawapo ya hizo, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, ipo pale. Tani 252, urefu zaidi ya mita 31, magurudumu 28, kati yake 16 ya kusukuma. Kwenye reli ya mita moja hakuna injini ya mvuke iliyoizidi nguvu, duniani kote. Niliizunguka polepole, nikashika fimbo za magurudumu, na moyo uliniuma. Rika lake kule Harz wanapanda mlima hadi leo, yenyewe imesimama. Chuma si tatizo, kwa sababu hii iliwahi kufufuliwa ikatembea tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinachozitembeza zile za kule ni karakana inayofanya kazi na vijana wanaojifunza kwa wazee kuwasha boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke, kuikagua, kuziba mirija. Huo ujuzi kwetu wanao wazee, nao wanatutoka.

Binti wa Fayamani

Umenigusa, kaka. Marehemu baba alikuwa fayamani, mlisha moto wa injini, kwenye hizo za klasi ya 59. Watu wakisikia fayamani wanafikiria koleo na makaa, kumbe hizi zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kulinganisha mafuta, hewa na mvuke wa kuyapuliza, jicho moja kwenye geji ya presha na jingine kwenye bomba la moshi. Masizi yakiziba mirija ya boila, presha inashuka. Hapo anachota mchanga na kuurusha ndani ya tanuri la moto, mvuto wa moshi unaunyonya kupitia mirijani, unasugua masizi yote, na juu linatoka wingu jeusi tii. Alinieleza akichora chini kwa kijiti, mara nyingi, na kila mara kwa furaha ileile. Nyuma yao tani 1,200 za mizigo, na kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600.

Mpare wa Same

Tusisahau na 5930 Mount Shengena, nayo ipo Nairobi. Shengena ni mlima wetu Upare, na Gelai uko huku Tanzania pia, karibu na Ziwa Natron. Klasi nzima ilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nilipoliona jina la mlima wetu ubavuni mwa injini ile nilisimama muda mrefu sana.

Msafiri wa Reli Nyembamba

Hizo za klasi ya 59 ni injini za muundo wa Garratt, na mimi nimewaona ndugu zake wakifanya kazi. Wales, kati ya Caernarfon na Porthmadog, kilomita 40 za reli yenye upana wa sentimita 60 hivi, wanatumia Garratt zilizotoka Afrika Kusini. Kwa wasiojua: Garratt ni boila moja iliyoning'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu, kila seti na silinda zake. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila na tanuri vinaweza kuwa vinene zaidi, na kwenye kona injini inajipinda. Karibu na Beddgelert kona ni kali, ukichungulia dirishani unaiona ikijikunja mbele yako. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini reli zetu za milimani ziliichagua. Kule pia iliwahi kutembea injini ya K1 ya mwaka 1909, mojawapo ya Garratt mbili za kwanza kabisa, iliyojengwa kwa ajili ya Tasmania.

Anayekwenda Darjeeling, India, kupanda treni ya mvuke aulize kabla ya kukata tiketi, maana safari nyingine huvutwa na dizeli. Na popote uendako, vaa nguo isiyokuuma ikiingia masizi.

Binti wa Fayamani

Rafiki yake baba, dereva mstaafu, bado yupo hai. Ninakwenda kumwamkia mwezi huu. Nimuulize nini?

Mpenda Mvuke

Dada, nenda na simu yenye chaji ya kutosha, umrekodi kwa ruhusa yake. Muulize: injini ikiwa baridi kabisa waliiwashaje, na ilichukua muda gani kupata presha? Sauti gani iliwaambia kuna hitilafu kabla geji haijaonyesha? Magurudumu yakiteleza mlimani usiku wa mvua walifanya nini? Na nani aliwafundisha? Mwache aseme hata kama anarukaruka, usimkatize. Ukishamaliza tuletee hapa, nami nitasaidia kuandika neno kwa neno.